Ushuru wa Chuma: Tunamuaga Rasto Maloba

Tarehe thelathini na moja Desemba, 1969, kengele ya kufunga kazi ikilia, Bwana Rasto Maloba atatundika aproni yake kwenye msumari wake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia Karakana ya Mwamba, hapa Tororo, kwa miaka ishirini na mmoja. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Mastula wa meza ya shaba, niandike wasifu wake. Loice wa ofisini akaongeza kwamba niandike kwa furaha, kwa sababu wageni watakuwa wanakula. Nitajaribu, lakini wanaonijua wanajua kwamba uso wangu haujui kuficha jambo, na mkono wangu umeurithi uso.

Kwanza nilimalize hili la neno. Kadi ya mwaliko inasema Bwana Maloba "anastaafu". Mtu hustaafu mgongo ukiwa umekataa na macho yametia ukungu. Maloba hata hamsini hajagonga. Meno yake yote anayo, na mwezi uliopita nimemwona kwa macho yangu akishika upande mmoja wa transfoma ambayo upande wake wa pili uliwatoa jasho wanaume wawili. Anaondoka kwa sababu ni Mkenya. Wasio raia wametakiwa wawe na kibali cha kufanya kazi, na chake hakikutoka. Kila mtu karakanani analijua hilo, na pilau haitatusahaulisha. Basi nimelisema, tuendelee.

Maloba alizaliwa upande wa pili wa mpaka, Funyula, kwa baba Msamia. Mama yake naye ni Msamia, ila wa huku kwetu, wa Bulumbi. Wajomba zake wote ni Waganda kwa karatasi na yeye ni Mkenya kwa karatasi, na utotoni hakuna aliyewahi kumweleza tofauti. Alifika Tororo mwaka 1948 akitafuta kibarua cha kubeba mizigo. Wakati huo karakana yetu ilikuwa banda la kutengeneza majenereta ya vinu vya pamba, na umeme wa Jinja ulikuwa bado ndoto. Ulipofika, miaka michache baadaye, zikaja mota, zikaja transfoma, na Maloba akatolewa kwenye ubebaji akawekwa kwenye meza ya chuma. Hakutoka tena hapo. Amekuwa mkuu wa meza hiyo tangu 1957.

Kwa wageni ambao hawajui tunachofanya nyuma ya mlango ule mweusi, nitaeleza kidogo, maana bila hilo hamtamjua Maloba. Ndani ya kila transfoma na kila mota kuna shaba na kuna chuma. Shaba inabeba umeme, na hiyo ndiyo kazi yetu sisi wanawake wa kusuka koili. Chuma kinabeba sumaku, na sumaku hiyo hugeuzwa huku na huku mara hamsini kila sekunde. Chuma hakipendi kugeuzwa. Kila kikigeuzwa kinagoma kidogo, na mgomo wake unatoka kama joto. Tena ndani ya chuma chenyewe huzaliwa umeme mdogo usio na kazi, unazunguka tu na kuongeza joto juu ya joto. Kwa hiyo hatutumii bonge zima. Tunatumia mabati membamba, kila moja limepakwa vanishi, tunayapanga moja juu ya jingine yakae pamoja bila kugusana. Vanishi ikitoka, ule umeme wa uvivu huvuka kutoka bati hadi bati, na transfoma nzima inapata homa.

Wakubwa wa kwanza wa karakana waliita joto hilo hasara ya chuma. Maloba aliliita ushuru, na jina lake ndilo lililobaki. Alikuwa akituambia, mkono mmoja kiunoni:

"Shaba ni dalali. Ukiuza sana anakata sana, usipouza hakati kitu. Lakini chuma ni askari wa soko. Mama yangu alikuwa anauza dagaa, omena, pale Busia. Siku ameuza, ushuru. Siku hajauza hata kisahani kimoja, ushuru. Unalipia kule kukaa tu."

Na ndivyo ilivyo. Transfoma ikishaunganishwa kwenye waya, hata kama hakuna taa hata moja inayowaka upande wa pili, chuma kinadai chake. Maisha yote ya Maloba hapa yalikuwa kumpunguza makali askari huyo. Kumwondoa hawezi, wala hakuna awezaye. Sisi wa shaba tulimtania kila asubuhi tukimwuliza askari wake amekula kiasi gani. Naye alitujibu kwamba madalali hawana haki ya kuwasema maaskari.

Alikuwa na miiko yake. Nyundo ya chuma haikuruhusiwa kukaribia meza yake. Waliosahau waliikuta nyundo yao imetupwa nje kwenye nyasi. Alisema bati likipigwa halisahau kipigo, na ni kweli, maana chuma kilichogongwa kinakuwa kigumu zaidi kukubali sumaku, na ushuru unapanda. Alitumia nyundo ya mbao aliyoichonga mwenyewe kwa mti wa mvule. Karakana nyingine mjini, zikitaka kutoa shaba kuukuu kwenye mota, ziliwasha moto wa kuni hadi chuma kikawa chekundu na vanishi ikaungua, kazi ikaisha upesi, na mwenye mota akarudi nyumbani na ugonjwa ndani ya gunia. Maloba alitumia moto mdogo na subira kubwa, na wateja walilalamika kwamba anachelewa. Walilalamika, lakini walirudi.

Kazi ikikamilika, transfoma ikawashwa bila mzigo wowote, aliweka mgongo wa mkono wake ubavuni mwa mashine kama mama anayepima homa ya mtoto. Vipimo tulikuwa navyo na alivisoma, lakini mkono ndio uliosema mwisho. Hakuna aliyewahi kumwona akiutoa mkono huo haraka.

Hapo sina budi kusimulia kisa cha Wahabi, kwa ruhusa yake mwenyewe. Oktoba 1962, wakati wa uhuru wa Uganda, tuliambiwa wageni wakubwa watapita karakanani. Amri ikatoka kila kitu king'ae. Kwa watu wetu wa mpakani kung'arisha ndiyo heshima. Hata sufuria ya mgeni husuguliwa kwa mchanga kabla hajaketi. Wahabi, mtunza stoo wetu, akayaona mabati mapya ya transfoma ya kinu cha mahindi cha Paya yamelala pale, rangi ya moshi kwa ile vanishi, yamefubaa. Moyo wake ukamuuma. Maloba alikuwa Bulumbi kwenye matanga ya mjomba, na mimi nilikuwa nyumbani nimejifungua. Wahabi akachukua mchanga na mafuta ya taa, akayasugua yote, moja moja, hadi unaweza kujiona uso.

"Mimi naona hii mabati iko chafu," alijitetea baadaye. "Wageni nakuja, inatia aibu!"

Wageni walisifu sana. Mabati yakapangwa jinsi yalivyo, transfoma ikapelekwa Paya, na kabla hata unga wa kwanza haujapoa ikaanza kunuka. Maloba alirudi kutoka matangani, akaifuata, akaweka mgongo wa mkono, akaomba izimwe. Kila mtu alingoja agombe. Wahabi, mjue, ndiye anayesaidia kuosha maiti kule msikitini. Maloba akamtazama, akasema:

"Wahabi, ndugu yangu, umekiosha chuma kama unaenda kukizika."

Kisha wakakaa pamoja, Mkristo na Mwislamu, wakayapaka mabati yote vanishi upya, bati kwa bati. Kinu cha Paya kinasaga hadi leo. Na tangu siku hiyo, mtu yeyote hapa akivaa nguo mpya akang'aa kupita kiasi, tunamwambia ameoshwa na Wahabi. Wahabi hucheka kuliko wote.

Natamani ningeishia hapo, kwenye kicheko. Lakini wasifu wa Maloba bila Edah ni koili bila chuma.

Edah alikuwa mke wake, wa kabila la Wateso, wa Mella hapa upande wa Uganda, dada yake Tom Omaido, ambaye wengi mnamjua kwa mihogo anayotuletea. Waliishi Mella kwenye shamba la Omaido, na Maloba alikuja kazini kwa baiskeli. Watoto Mungu aliwapa na Mungu akawachukua wangali wachanga, na sitasema zaidi ya hapo. Mwaka 1965, kwenye masika, Edah alishikwa na homa. Maloba alikwenda naye hospitali, akarudi naye, akampima kwa mgongo wa mkono uleule. Homa ile haikuwa ya vanishi. Edah alifariki siku ya soko, mvua ikinyesha.

Watu wa Funyula walikuja kumchukua. Mila zao mnazijua: mke huzikwa kwenye boma la mumewe, si kwao alikotoka. Lakini Edah alikuwa ameomba alale karibu na mama yake, na Maloba alikuwa ameitikia. Laban, kaka mkubwa wa Maloba, alisimama uani mbele yetu sote.

"Mke wa mtu hazikwi kwa shemeji, Rasto. Watu watasema hukuwa na kwenu."

"Ameomba alale hapa, kaka. Nami nimemwambia nitamfuata hapahapa."

Laban aliondoka bila kuonja chakula. Anayejua mambo ya msiba anajua uzito wa hilo. Aliyeshika jembe la kwanza kuchimba alikuwa Wahabi, kanzu ameikunja kiunoni. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Omaido alimwonyesha Maloba kiwanja kidogo ubavuni mwa kaburi.

"Shemeji, hapa iko yako. Mimi hapana panda kitu hapa."

Na hajapanda. Nimekwenda Mella mwaka huu nikaona mwenyewe jinsi plau ya ng'ombe inavyopinda ikifika hapo. Mihogo huku, mtama kule, na katikati ule udongo mtupu unamsubiri mwenyewe. Kila Jumamosi baada ya kazi, kwa miaka minne, Maloba amepalilia pande zote mbili. Sisi wengine tunaogopa kaburi. Yeye alichokiogopa ni kutenganishwa na lile moja.

Sasa mnaelewa kwa nini kibali kilikuwa jambo kubwa kwake kuliko mshahara. Mshahara angeupata Kisumu, angeupata Nairobi. Fundi wa chuma kama yeye halali njaa. Kiwanja cha Mella hakiko Kisumu.

Alikwenda ofisi inayohusika, Wahabi akamsindikiza, na haya nayaandika kama Wahabi alivyotuambia. Karani alikuwa mtu mpole. Aliuliza kama mwombaji ana mke raia, maana ingesaidia.

"Ninaye," Maloba akasema.

"Iko wapi?"

"Amelala Mella."

"Basi amsha yeye, akuje hapa na cheti yake."

Wahabi anasema Maloba alivua kofia. Alisimama tu, kofia mkononi, watu nyuma yake wakianza kunung'unika. Ikabidi Wahabi aseme: "Mzee, huyu mama ilikufa." Karani akaweka kalamu chini, akasema pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Lakini marehemu hamwombei mtu kibali. Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa, nalo lilikuwa fupi.

Mimi sijui siasa. Nasuka koili. Sijui nani anakaa Nairobi na nani anakaa Kampala, na sitaki wasifu huu unifukuzishe kazi nami. Nasema tu kwamba nilikwenda nyuma ya stoo nikalia hadi mtandio ukalowa, na sijui kwa nini ninyi wenzangu hamkulia.

Novemba alianza kuhamisha vitu vyake kwenda Funyula. Laban alimpokea, damu haifutiki, ingawa maneno yao bado ni machache. Jumamosi moja alitoka Funyula kwa njia ya Malaba aje apalilie Mella kama kawaida. Kwenye kizuizi cha mpakani akaulizwa amebeba nini. Akasema hana kitu. Akaulizwa, kama hana kitu, anavuka kufanya nini? Hapo alishindwa. Aliona aibu kulitaja kaburi la mkewe mbele ya watu wenye magunia. Wakamweka kando, juani, mpaka zamu ilipobadilika na askari mwingine akamjua uso.

Jumatatu wakati wa chai alitusimulia, akijaribu kulifanya mzaha.

"Wenye mahindi wamepita. Wenye sabuni wamepita. Mimi mwenye mikono mitupu ndiye nilisimamishwa. Si niliwaambia? Ushuru wa chuma ndio huo."

Alicheka peke yake. Akaona hatucheki, akarudi kwenye meza yake, akashika nyundo yake ya mbao.

Kazi yake ya mwisho ni transfoma iliyoko mlangoni, ambayo wageni mtaipita mkiingia. Iguseni kwa mgongo wa mkono. Imewashwa tangu Ijumaa, haina mzigo wowote, na joto lake ni la chai iliyosahaulika mezani. Katika miaka yangu yote hapa sijawahi kuona chuma kinachodai kidogo hivyo. Anatuachia pia miiko yake, na Mungu atusaidie, maana tayari nimeona nyundo ya chuma ikitembeatembea karibu na meza ile. Mwenyewe anajijua, na nyasi ziko palepale nje.

Neno kuhusu zawadi. Kamati iliamua apewe kile kitransfoma kidogo alichokiunda alipokuwa akijifunza, ambacho kimeiwashia taa meza ya shaba miaka yote hii. Loice alipendekeza kisafishwe, kisuguliwe, kipakwe rangi ya fedha ili kipendeze kwenye picha. Wengi waliafiki. Akasimama Wahabi, mtu ambaye mikutanoni hasemi kitu ila "ndiyo", akakikumbatia kifuani.

"Hii hapana osha," alisema. "Mimi nasema hapana. Hii bado nafanya kazi."

Basi msishangae kuona zawadi nyeusi juu ya kitambaa cheupe. Loice, samahani, na picha itapendeza hivyohivyo.

Kuna kitu kingine tunachompa ambacho hakikai mezani. Kamati haikukipitisha, na Loice ameniomba nikiondoe kwenye maandishi haya kwa kuwa si maneno ya sherehe. Sikiondoi. Sisi wa shaba na wao wa chuma tumegawana Jumamosi. Kila Jumamosi mmoja wetu atakwenda Mella kupalilia, pande zote mbili, kama yeye alivyofanya. Omaido ameahidi kwamba plau itaendelea kupinda. Na tumekubaliana jambo moja zaidi, tukiwa tumesimama kuizunguka meza ya chuma, kila mtu ameweka mgongo wa mkono juu yake.

Bwana Maloba, Karakana ya Mwamba inakushukuru kwa kila transfoma ambayo haikupata homa, kwa kila mota iliyorudi kwa mwenyewe ikiwa nzima, na kwa kutufundisha subira sisi madalali. Wahabi anakushukuru kwa kutomgombeza. Mimi nakushukuru kwa utani wa asubuhi, ambao sijui nitaufanya na nani. Tunakuombea afya na mavuno huko Funyula, na siku ukae tena na Laban mle sahani moja. Ishi sana. Zeeka mpaka lile neno la kwenye kadi likuenee sawasawa.

Na siku yako itakapofika, usiwe na wasiwasi wa njia. Kama tulivyokubaliana mezani, tutakuja kukuchukua huko Funyula, Wahabi akiwa mbele. Omaido atakuwa ameshachimba pale ulipoonyeshwa. Na pale Malaba wakitusimamisha kwenye kizuizi wakatuuliza tumebeba nini, safari hiyo tutakuwa na jibu.